Justice High School, Falls Church: shule iko sawa, jina nalipa nyota nne

Wazazi wenzangu mnaohamia huku Virginia pande za Seven Corners na Bailey's Crossroads, mnanipigia simu kila mara kuniuliza hii shule ikoje, wacha niandike mara moja. Binti yangu yuko mwaka wa pili na kwa upande wa masomo sina neno, programu ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa sekondari) ipo, na siku ya wazazi ile ya kwanza nilipanga foleni mbele yangu wanaongea Kihispania nyuma yangu Kiamhara, moyo ukatulia, nikajua mwanangu hatakuwa mgeni peke yake.

Sasa hili la jina. Mtaani bado utasikia watu wakisema Stuart, usichanganyikiwe ukadhani ni shule nyingine, ni hii hii. Mpaka 2018 iliitwa J.E.B. Stuart, jenerali wa askari wapanda farasi wa yale majimbo ya kusini yaliyojitenga yakapigana ili utumwa ubaki. Na jina halikutoka enzi za vita, la hasha, shule ilifunguliwa 1959, miaka mitano baada ya Mahakama ya Juu kusema kuwatenga watoto kwa rangi mashuleni ni kinyume cha katiba, na mwaka huo huo wa 1959 kaunti ya Prince Edward, Virginia hii hii, ikafunga shule zake zote za umma kuliko weusi na weupe wakae darasa moja, zikakaa na kufuli miaka mitano. Ukishajua hivyo huna haja ya kuuliza kwa nini walimchagua jenerali yule.

Mvutano ulikuwa mkali jameni. Wanafunzi walishaanza kulikataa jina, 2015 Julianne Moore yule mwigizaji, naye alisoma hapo, akaanzisha ombi mtandaoni pamoja na Bruce Cohen, mtayarishaji wa filamu aliyesoma hapo pia, sahihi zikapita elfu 30. Waliopinga wengi ni wa zamani, wanalia gharama na kumbukumbu zao, na uchungu wao naujua, mtu akigusa jina la shule yangu kule Mombasa nitaumia pia, lakini kumbukumbu yangu haiwezi kuwa mzigo kwa mtoto mweusi anayelivaa hilo jina kifuani kila Ijumaa ya mechi. Wakazi walipopiga kura ikaongoza "Stuart" tupu, bila zile herufi tatu. Lakini bodi ya shule za kaunti ya Fairfax, Oktoba 2017, ikapitisha Justice, yaani Haki, kwa heshima ya watu watatu: Thurgood Marshall, wakili wa kesi ile ya 1954 ya kuwatenga watoto na baadaye jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu, Kanali Louis Mendez aliyeruka na mwavuli Normandy 1944, na Barbara Johns.

Marshall kwetu Wakenya si mgeni, 1960 alikuwa Lancaster House kule London akiwasaidia wajumbe wetu kuandika ulinzi wa haki za raia kwa ajili ya katiba. Nilimwambia binti yangu tukiwa jikoni, akaacha kula akanitazama, "Mama, kweli?"

Ila anayenishika mimi ni Barbara. Miaka 16, Farmville, kwenye kaunti ile ile ya Prince Edward, 1951, shule ya weusi imefurika mpaka wengine wanasomea kwenye mabanda ya mbao na karatasi za lami, akapanga wenzake kimyakimya, mwalimu mkuu akatolewa shuleni kwa simu ya uongo, msichana akapanda jukwaani na shule nzima ikagoma. Kesi yao ni moja ya zile tano ambazo Mahakama ya Juu iliziamua 1954, uamuzi ule ule niliousema juu.

Ndiyo maana nyota moja nimeibana. Juzi nimembeba rafiki ya binti yangu kwenye gari, fulana ina mbwa mwitu wa shule, nikamuuliza Justice ni nani, akasema "si mtu, ni haki tu." Hakukosea. Lakini shule ingeitwa Barbara Johns angelazimika kunitajia yule msichana.

Mkija, mtaa unaitwa Peace Valley Lane, na kwenye ramani ya simu andikeni Justice.