Shahada ya London ukiwa Dar, au ya Chuo Kikuu Huria?

University of London imekuwa ikitahini wanafunzi wa mbali tangu 1858. Mandela alisoma sheria kwao akiwa gerezani. Shahada ya uchumi husimamiwa kitaaluma na LSE (chuo cha uchumi na siasa cha London), lakini cheti hutolewa na University of London. Hapa ndipo wengi hukosea. Katika ubia wa vyuo, uliza kwanza: nani anatunuku shahada? Kituo cha jirani kinachokufundisha kinaweza kuwa kizuri sana, ila jina lake halikupi shahada.

Ukiipeleka shahada ya London kwa mwajiri wa Tanzania, utahitaji Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) iitambue. Ada ni kwa pauni, na shilingi ikiyumba unaumia wewe.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992. Ni chuo cha ndani chenye ithibati, kwa hiyo hatua ile ya utambuzi huikuti, na unalipa kwa shilingi.

Kwa anayetaka ajira serikalini hapa nyumbani, mimi ningechagua Huria bila kusita. London ningeiendea kama nalenga kazi au masomo ya nje.