Puto jekundu, na mama anayerudi nyumbani sauti imekwisha

Mara ya kwanza nilisinzia. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, mtoto keshakwenda shule, nikaifungua *Le voyage du ballon rouge* kwenye kompyuta, na nusu saa haikupita. Nalisema hili mapema kwa sababu filamu yenyewe ni ya taratibu sana na inakaribia saa mbili. Ukikaa kusubiri tukio kubwa, utachoka. Juma lililofuata niliirudia nikiwa nimepumzika, na tangu hapo nimeiona mara mbili zaidi.

Ni kazi ya 2007 ya Hou Hsiao-hsien, mwongozaji kutoka Taiwan, iliyopigwa Paris kwa Kifaransa. Suzanne (Juliette Binoche) anamlea mwanawe Simon peke yake. Mwanamume wake yuko mbali, Kanada. Binti mkubwa anaishi Brussels. Suzanne anamwajiri Song, msichana wa Kichina anayesomea filamu, amchukue Simon shuleni na kushinda naye. Juu ya mapaa kunaelea puto jekundu, salamu kwa filamu fupi ya Albert Lamorisse ya 1956, iliyohusu puto kama hilo.

Kilichonishika ni kazi ya Suzanne. Anatoa sauti kwenye maonyesho ya vikaragosi, hadithi ya kale ya Kichina ya Zhang Yu, kijana anayechemsha bahari ili ampate mpenzi wake. Pale jukwaani sauti yake inanguruma, inalia, inabembeleza. Halafu anarudi nyumbani, ngazi ndefu, mikoba begani, na sauti ileile inaanza kugombana na mpangaji wa chini asiyelipa kodi. Mimi kazi yangu ni simu za wateja. Usiku kucha nazungumza kwa upole na watu nisiowajua, na asubuhi mwanangu ananiuliza jambo nami najibu kwa kichwa tu. Sijawahi kuona filamu iliyolielewa hilo hivi.

Kuna fundi asiyeona anayekuja kurekebisha piano. Kamera ya Mark Lee Ping-bing inakaa kwenye kile chumba kidogo kilichojaa vitu, inageuka polepole bila kukatwa. Fundi anagonga noti moja moja, mama yuko kwenye simu na hasira zake, Song anaendelea na shughuli, Simon yupo. Hakuna muziki wa kutuambia tumhurumie nani. Maneno hayo hayakuandikwa, waigizaji waliyatunga wenyewe papo hapo, na inasikika: watu wanakatizana kama nyumbani kwetu. Hapo maandishi ya Kiingereza chini ya picha yanashindwa kuwafuata, na nadhani nimekosa mengi.

Song nampenda. Hapandishi sauti hata mara moja. Nilimfikiria dada anayenisaidia mimi, anayejua rafiki wa mwanangu ni nani kabla sijajua. Hata hivyo, vipande ambavyo Song anapiga filamu yake mwenyewe ya puto vilinipoza kidogo. Huko niliona mwongozaji anazungumza na wasomi wenzake.

Mwishoni wanafunzi wanapelekwa jumba la makumbusho la Orsay, wanakaa mbele ya mchoro wa Félix Vallotton wa 1899: mtoto anakimbilia mpira mwekundu, watu wazima wawili wako mbali kabisa, nusu ya uwanja kivulini. Mwalimu anawauliza wanaona nini, nao wanajadiliana kama ni picha ya furaha au ya huzuni.

Mara ya tatu mwanangu alikuwa amekaa pembeni yangu sehemu hiyo. Ana miaka sita, Kifaransa hajui. Aliwaonyesha kwa kidole wale wawili wa mbali kwenye mchoro, akauliza, "Mama, wale wanamwona?" Nilisimamisha filamu, tukakaa tukiwaangalia.