Trekta ya bustani ikiteleza kwenye theluji, nunua minyororo kwanza

Trekta ya bustani ya nguvu farasi 20 ina injini ya kutosha kusafisha njia ya gari hata theluji ikifika sentimita 20. Inachokosa ni mshiko. Bapa la kusukumia la inchi 48 hukaa mbele ya ekseli ya mbele, na kila linapoinuliwa hupunguza mzigo kwenye magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo pekee yanayoendesha trekta. Juu ya hapo, difu ya kawaida (giya zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma) humwaga nguvu kwenye gurudumu linaloteleza: moja linazunguka bure, jingine limetulia, na trekta haisogei. Kwa walioko Minnesota au Maine kule Marekani, au Alberta kule Kanada, wanaojiuliza pesa yao waiweke wapi, hivi ndivyo tunavyovipima vifaa vilivyopo madukani.

Minyororo ya magurudumu ya nyuma haina mpinzani. Kwa tairi la 23x10.50-12 (soma namba hiyo ubavuni mwa tairi kabla ya kuagiza) utakuta ile yenye vipande vya kukatiza kila baada ya pete mbili, na ile ya kila baada ya pete nne. Chukua ya pete mbili, ingawa ni ghali zaidi na nzito zaidi. Ya pete nne huacha pengo kubwa, tairi linatua katikati ya vipande viwili na kuanza kuchimba kabla kipande cha pili hakijashika chini. Tena kwenye sakafu ngumu inatikisa vibaya sana. Ya pete mbili huwa na chuma kinachogusa ardhi karibu wakati wote.

Namna ya kuifunga ndiyo inayoamua kama itadumu. Piga jeki, punguza upepo wa tairi, tandaza mnyororo juu yake huku ncha za kulabu zikitazama nje ili zisichome mpira, kaza upande wa ndani kwanza kisha wa nje, halafu jaza upepo upya hadi kiwango cha mtengenezaji. Tairi likivimba linaukaza mnyororo lenyewe. Zungusha gurudumu kwa mkono uangalie kama kuna nafasi ya sentimita 3 hivi kati ya mnyororo na fremu. Pasipokuwa na nafasi, mnyororo utakula bodi. Endesha dakika kumi, simama, kaza tena. Mipira ya kukazia mnyororo hupasuka kwenye baridi kali, kwa hiyo weka ya akiba au tumia springi. Ubaya wa minyororo ni mmoja: gurudumu likizunguka bure juu ya zege, litaacha michubuko. Ukiona limeanza, ondoa mguu kwenye pedali, rudi nyuma, kata theluji kwa tabaka nyembamba.

Baada ya minyororo ndipo uzito. Vyuma vizito vya kufunga kwenye rimu, vya pauni 50 (kilo 23) kila upande, ni kazi safi: bolti mbili tatu, haviongezi mzigo kwenye beringi za ekseli, na wakati wa kukata nyasi unavitoa. Kwa bei ndogo zaidi, magunia ya mchanga ya pauni 60 yanayouzwa majira ya baridi yanafaa sana yakifungwa kwenye boksi nyuma ya ekseli. Huko nyuma kilo 27 hugandamiza magurudumu kwa zaidi ya kilo 27, maana hunyanyua pia sehemu ya uzito wa mbele. Usizidishe, usukani ukiwa mwepesi trekta haitakata kona.

Kujaza majimaji ndani ya tairi tunapendekeza kwa anayetumia trekta kwa kazi nzito mwaka mzima tu. Maji ya viazisukari ndiyo bora: lita moja ina kilo 1.3 hivi, hayali rimu, na hustahimili baridi ya nyuzi 35 chini ya sifuri. Tairi tulilotaja hupokea lita 30 na ushee, yaani kilo 40 kila upande. Weka valvu juu kabisa, ng'oa kiini chake, jaza hadi majimaji yafike kwenye valvu, ambayo ni kama robo tatu ya tairi. Kloridi ya kalsiamu ni nzito vilevile lakini hutafuna chuma. Maji matupu yataganda. Maji ya kusafishia vioo vya gari hayagandi upesi, ila ni mepesi na yana methanoli, ambayo ni sumu. Tairi likitoboka yanamwagika uwanjani wanapocheza watoto.

Tairi za meno marefu kama za shambani hatuzipendekezi kwa kazi hii. Kwenye udongo ni hodari, lakini juu ya theluji iliyoshindiliwa meno machache hugusa chini, na vipande vya mnyororo hudumbukia kati ya meno. Tairi za kawaida za nyasi zikivaa minyororo huzishinda.

Wenye mashine nyepesi za kukatia nyasi zenye giaboksi ya K46 (modeli ndogo inayosukuma magurudumu kwa shinikizo la mafuta) wasikimbilie uzito. Giaboksi hiyo haikuundwa kwa kazi nzito, na mshiko ukizidi, gurudumu lisiloteleza huipasha moto hadi mafuta yake yapoteze nguvu. Hao waishie kwenye minyororo, wasukume theluji ikiwa bado laini, kila inapofika sentimita 8.