Kitabu cha sheria za FIBA kwa sisi wa mezani: nyota nne

Mimi ni karani wa meza kwenye mechi za vikapu za jioni hapa Malindi, yule anayekaa na kalamu huku timu mbili zikimfokea. Kitabu hiki cha sheria za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, toleo lililoanza kutumika Oktoba 2024, kwangu ni kifaa cha kazi.

Bei: bure, kinapakuliwa kwenye tovuti ya FIBA. Kinachokula pesa ni kuprinti. Saiberi moja ilinitolea nusu ya kurasa juu chini, kwa hiyo simama hapo hapo mpaka ya mwisho itoke.

Utamu wote uko kifungu cha 16. Kuna beki wetu aliruka kuokoa mpira uliodunda kwenye pete, akautumbukiza kikapuni mwake mwenyewe. Zogo! Hawa wanadai pointi mbili, wale wanasema aliyejifunga hana hesabu, na refa ananitazama mimi. Nikafunua. Akijifunga kwa bahati mbaya ni mbili, na zinaandikwa kwa kapteni wa wapinzani aliye uwanjani. Kapteni mwenyewe wakati huo alikuwa kainama katikati ya uwanja anafunga kamba za kiatu. Nikamwandikia mbili zake, na mpaka leo anazihesabu. Beki angefanya makusudi, kikapu kingefutwa na ingekuwa kosa.

Na msimu huu wa kusi usicheze na upepo. Pasi ya juu kutoka nje ya mstari wa pointi tatu ikipeperushwa ikaingia moja kwa moja, ni tatu, hata mrushaji aape kwamba alikuwa anampa mwenzake. Lakini anayerusha mpira kutoka nje ya uwanja baada ya auti, ukiingia kikapuni moja kwa moja, hapati kitu. Hilo liko kifungu cha 17.

Ipo pia ile ya sekunde 0.3: saa ikibakiza chini ya hapo hakuna kudaka na kurusha, ni kuugonga tu au kuudanki, yaani kuutumbukiza kikapuni kwa mkono. Sheria nzuri, ila sisi saa yetu ni simu ya mtu, na katikati ya robo hupigiwa na mamake.

Ugomvi mwingi hapa huletwa na vijana wanaotazama NBA, ligi ya Marekani, na hapo ndipo kifungu cha 31 huingia. Huko mpira ukiwa bado juu ya pete hauguswi. Kwa FIBA, ukishagonga pete na haujaingia, mchezaji yeyote anaweza kuupangua.

Nimekata nyota moja kwa sababu kitabu kinataja sheria bila mifano. Mifano iko kwenye kijitabu cha pili cha ufafanuzi wa sheria, nacho ni bure, kimejaa kina A1 na B1, yaani wachezaji wa mfano wa timu A na timu B, wanaofanya vituko vya kila namna. Bila hicho utabishana mpaka magharibi. Kiingereza chake ni kikavu, soma sentensi mara mbili.

Karatasi zikiwa ghali, printini kifungu cha 16, 17 na 31 pamoja na ufafanuzi wake. Mengine yasomeni kwenye simu.