Dei kea ya nyumbani na likizo za shule: uzoefu wangu mimi mwalimu

Mimi ni mwalimu na baba watoto naye ni mwalimu, kwa hiyo shule zikifunga nyumba nzima iko likizo, na kila mara swali linalotugombanisha ni lile lile: mtoto akikaa na sisi wiki sita, yule mama wa dei kea tumlipe au tusimlipe? Hapa tulipo saa hii tuna mwaka wa pili, kabla ya hapa tulikuwa kwingine nikaumia vibaya, acha niandike kote kuwili maana walimu wenzangu wananiuliza sana inboksi na nimechoka kurudia meseji moja.

Nianze na kule nilikoumia. Yule mama alikuwa mtu mzuri sana, mcheshi, mtoto anampenda, na siku ya kwanza akaniambia "mwalimu wewe usijali kabisa, shule zikifunga kaa na mwanao, ukifungua mlete tu". Mimi nikafurahi jamani, likizo bure! Hakuna karatasi hakuna nini, tumeaminiana. Siku tatu kabla ya kufungua namtumia meseji kwamba jumatatu tunakuja, kimya mchana kutwa, jioni ndo ananijibu nafasi kapewa mtoto mwingine na kwa sasa amejaa, nisubiri kama miezi miwili hivi. Nilikaa kitandani nikaisoma ile meseji mara nne. Mdogo wangu ikabidi aache shughuli zake aje anishikie mtoto wiki tatu nzima wakati mimi nazunguka kutafuta, na mpaka leo akitaka kitu kwangu ananikumbushia.

Nilimchukia yule mama muda mrefu, ila kiukweli sasa namuelewa. Dei kea ya nyumbani sio shule, ni sebule ya mtu, ana idadi ya watoto anaoweza kuwaangalia yeye na msaidizi wake na akizidisha hapo ni hatari kwa watoto wote. Nafasi moja ikikaa wazi wiki sita hapati mtu wa kuijaza, nani anatafuta dei kea ya wiki sita? Mzazi anayekuja anataka ya mwaka. Na msaidizi analipwa vile vile mtoto wangu awepo asiwepo. Sasa alipotokea wa mwaka mzima unadhani angemwambia hapana kwa sababu ya mimi ambaye sijamlipa hata senti?

Huyu wa sasa tofauti ilianza siku ya kwanza. Kabla hata sijamuonyesha mtoto akaniuliza "unafanya kazi gani?", nikasema mwalimu, akacheka akaenda kuchukua karatasi nyingine. Yaani ana karatasi ya wazazi wote na ana nyingine ya walimu peke yao! Kurasa mbili, amezipiga kopi mpaka pembeni zimekuwa nyeusi, lakini kila kitu kipo. Likizo unalipa nusu ya ada na nafasi yako haiguswi. Hiyo nusu inakupa na siku mbili kwa wiki za kumleta mtoto ukitaka, ila useme siku gani kabla ya jumamosi. Hutaki kulipa nusu, sawa, nafasi inaachiwa na unakuwa wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri lakini hakuahidi kitu. Yeye mwenyewe anafunga wiki mbili kwa mwaka, anaziweka ndani ya likizo ndefu, na hizo hazilipiwi kabisa. Ukitaka kuhama unatoa taarifa mwezi mmoja kabla na huo mwezi ni ada kamili hata ukiangukia likizo, nadhani kuna mtu aliwahi kumshikisha nafasi kwa nusu halafu akatokomea.

Mwanzo ile nusu iliniuma, kulipia mtoto ambaye yuko nyumbani ananivurugia makabati. Tukakaa na baba watoto tukapiga hesabu. Kwa ratiba yetu likizo zote ukizijumlisha ni kama miezi mitatu. Ina maana miezi 9 kamili na mitatu ya nusu, jumla unalipa ada ya miezi 10 na nusu kwa mwaka (ukitoa na zile wiki zake mbili inashuka kidogo tena). Halafu kuna kitu nilikiomba mwenyewe akakubali, badala ya kulipa juu chini juu chini anaigawa kwa 12, kila mwezi kiasi kile kile, kama asilimia 87 hivi ya ada. Mshahara wetu haupandi wala kushuka likizo kwa hiyo hii imetufaa sana, mwalimu unayesoma hapa iombe hii hata kama haijaandikwa popote.

Na zile siku mbili kwa wiki, hapo ndo nilipobadilika kabisa. Likizo ya kwanza sikuzitumia, nilikuwa naona aibu, nitampelekaje mtoto dei kea na mimi niko nyumbani? Watu watasemaje. Likizo ya pili nikarudi na mabunda matatu ya mitihani ya kusahihisha, nikafika ya kumi na mbili mtoto akapanda mezani akachora karatasi ya mwanafunzi wa watu kwa kalamu nyekundu, kalamu yangu mwenyewe. Nilimpeleka wiki iliyofuata bila aibu yoyote.

Maana kitu ambacho watu wasio walimu hawakielewi ni kwamba likizo ya mwanafunzi sio likizo ya mwalimu. Wanafunzi wakiondoka sisi tunabaki tunasahihisha, tunajaza ripoti, vikao, na kufungua tunarudi kabla yao. Mwenzangu mmoja yuko kwenye dei kea inayofuata kalenda ya shule moja kwa moja, shule ikifunga na wao wanafunga na halipi chochote, ukisikia unaona kapata. Sasa kila muhula ana siku kadhaa mwisho na siku kadhaa mwanzo ambazo hana pa kumuweka mtoto, nimeshamuona kwenye kikao na mtoto mgongoni akitikisatikisa mguu huku anasoma taarifa ya idara. Kwa hiyo ukiambiwa "tunafuata kalenda ya shule" uliza, kalenda ya mwanafunzi au ya mwalimu?

Sio kwamba kila kitu kimeenda vizuri. Kuna alhamisi moja ya likizo nimeitwa shuleni ghafla, nikambeba mtoto na begi mpaka getini kwake bila kutoa taarifa, nikijua huyu ni mtu wangu. Akatoka, akanisalimia vizuri, akasema "mwalimu, leo haikuwa siku yako". Nikambembeleza pale, nikamwambia ni masaa mawili tu mama. Akanionyesha kwa mkono ndani, watoto wamelala kwenye mikeka amewahesabu, akasema nikikuchukulia wewe wa leo kesho nitamkatalia nani. Niliondoka nimekasirika kweli kweli, nikaenda na mtoto shuleni akalala chini ya meza ya ofisi. Usiku hasira zimeisha nikajiuliza, siku ambayo mwanangu ndo mmoja wa wale waliolala ningependa amuongeze wa getini?

Kitu kingine kizuri ambacho sikukiomba ni namna ya kurudi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akikaa na mama yake wiki sita anasahau dei kea kabisa, au anakumbuka ila hataki. Ile karatasi inasema wiki ya mwisho ya likizo umlete nusu siku mara mbili kabla ya kufungua. Mara ya kwanza alilia mpaka nikalia na mimi nje ya mlango, amevua kiatu kimoja, kingine amekishikilia kifuani kama vile kiatu kikibaki basi safari ya nyumbani bado ipo. Nilikuja kumchukua saa sita amekishika bado. Mara ya pili alikiacha mlangoni. Jumatatu ya kufungua, asubuhi ambayo mimi ndo nilikuwa zamu ya geti na siruhusiwi kuchelewa hata dakika, aliingia akapitiliza hata hakunipungia mkono, ikaniuma kidogo lakini niliwahi.

Malalamiko yangu yapo. Karatasi imeandika "likizo za shule" basi, haijasema likizo fupi ya katikati ya muhula imo au haimo, mimi nikalipa nusu, yeye akanitumia meseji kwamba imebaki nusu. Na ratiba ya shule ikisogezwa, kama ilivyotokea muhula uliopita, wiki zake mbili zilikuwa zimeshapangwa na zikaangukia sisi tumesharudi kazini, mdogo wangu akaitwa tena. Hilo la pili tumekubaliana awe anatuambia tarehe zake baada ya sisi kupata kalenda na sio kabla, kaliandika kwa peni pembeni ya karatasi tukasaini wote.

Kwa ujumla nampa nyota nne. Ya tano ni hiyo wiki ya katikati ya muhula, nimelipa nusu iliyobaki lakini bado tunabishana, na yeye anasema karatasi ya mwaka ujao ataandika imo ila siku za kuleta mtoto hiyo wiki iwe moja, mimi nataka mbili.