Matembezi ya siku nzima Mji Mkongwe: kinacholipiwa ni mpangilio

Ratiba za matembezi ya makundi Unguja zinafanana sana kwenye karatasi: kukutana saa mbili au saa tatu asubuhi, kumalizia bustani ya Forodhani magharibi. Majengo ni yale yale kwa kila kampuni. Kinachotofautisha siku nzuri na siku ya kuburuzwa ni ukubwa wa kundi na mpangilio wa vituo.

Watu kumi wanatosha kabisa. Vichochoro vya Kiponda na Hurumzi ni vyembamba, na vespa na baiskeli zinapita humo humo. Kundi la watu ishirini hukatika kila kona, wa nyuma wakifika mwongozaji ameshamaliza maelezo. Kama ni lazima muwe wengi, dai mtu wa pili wa kufunga msafara.

Darajani iwe ya kwanza, kabla soko halijafurika. Sakafu ya upande wa samaki huwa imelowa, kwa hiyo vaa viatu vinavyoshika, si kandambili. Mkunazini ni pua na mdomo kutoka hapo. Kanisa la Anglikana lilijengwa palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Vyumba vya chini vinavyoonyeshwa hapo kama vya kuwafungia watumwa ni vidogo na dari yake ni fupi, mtu mzima anainama. Kundi zima likisukumwa ndani kwa pamoja, hakuna anayeona kitu. Mwongozaji anayejua kazi huingiza watu wachache wachache, na wanaosubiri huwapeleka kwenye sanamu za watumwa waliofungwa minyororo.

Baada ya hapo ndipo uhodari wa mwongozaji unapojulikana. Wengi hukimbilia hadithi kwamba misumari ya shaba milangoni iliwekwa kuzuia tembo, ingawa mtindo huo asili yake ni India na tembo Unguja hawapo. Muulize badala yake kwa nini vyumba vya nyumba kongwe ni virefu lakini vyembamba. Jibu liko darini: boriti ni za mikoko, na urefu wake haumruhusu fundi kuvuka mita tatu hivi. Mlango wa Kigujarati nao hukunjwa vipande vipande, ndiyo maana unauona zaidi kwenye nyumba zenye duka. Mwongozaji anayekusimamisha dakika kumi mbele ya mlango mmoja anastahili pesa yake.

Saa sita hadi saa nane ni za sala, chakula na kivuli. Ratiba isiyo na pumziko hilo huwachosha watu na alasiri inaharibika. Epuka Ijumaa, maduka mengi hufunga kwa ajili ya sala. Mabega na magoti yafunikwe, maana hii ni mitaa wanamoishi watu.

Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliporomoka sehemu Desemba 2020, hivyo ratiba ikiahidi kuingia ndani, hakikisha kwanza kama pako wazi. Uliza pia kama viingilio vimo kwenye bei, kwa sababu sehemu kadhaa raia na mgeni hawalipi sawa, na mwongozaji aonyeshe kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii. Forodhani msifike kabla jua halijazama, meza za vyakula huwa bado zinapangwa. Na bei ya mshikaki iulizwe kabla haujawekwa kwenye sahani.