Minyoo fundo wa Kisauni: hadubini au DNA?

Mchicha umedumaa, ukiung'oa, mizizi imejaa vinundu. Hao ni minyoo fundo, jenasi ya Meloidogyne, na udongo wa kichanga wa pwani wanaupenda. Spishi gani, sasa?

Hadubini ni nafuu mfukoni, ila inachosha macho. Pasua kinundu, mtoe jike: mweupe, kama kibuyu, ukubwa wa kichwa cha pini. Kata ncha ya nyuma ndani ya asidi laktiki ya asilimia 45, isafishe, itandaze kwenye gliserini. Tazama mistari inayozunguka uke na mkundu: M. incognita ana tao refu la juu, M. javanica ana mistari miwili ya pembeni. Mmoja hatoshi, hutofautiana hata shamba moja. Kata angalau kumi.

DNA hutosheka na mnyoo mmoja, hata lava (mnyoo mchanga). Lakini ITS, kipande cha DNA kinachotumiwa sana kutambua spishi, haiwatenganishi vizuri hao wawili. Tumia jeni ya mitokondria, mfano Nad5. Kuhifadhi kwa formalini, hapana! Huiharibu DNA.

Ukishuku spishi mpya, hapo kuchagua kumekwisha, hadubini na DNA, zote mbili zahitajika. Gawa sampuli mapema: wengine gliserini kwa hadubini, wengine DESS (mchanganyiko wa chumvi unaohifadhi DNA), na fungu moja la mayai lipandikizwe kwenye mche wa nyanya, kizazi kiwe cha jike mmoja.